Yah: Kimya Chako

Nilisimama na karatasi mbili,
kipaza sauti cha kukodi kikikoroma,
nikasoma kama tunavyosoma siku hizi:
Marehemu Yoeli Chilongani alizaliwa hapa Nala
mwaka wa njaa,
akasoma hadi darasa la saba,
akajaliwa watoto watano,
alisumbuliwa na kifua kwa muda mrefu,
na hadi mauti yanamfika —

Hapo Shangazi Perusi akanyanyuka mkekani.

"Muda mrefu! Muda mrefu ndiyo nini?
Sema miezi saba.
Sema alikohoa mpaka kuku wakahamia kwa jirani.
Sema shati lake la Krismasi lilimpwaya likawa kanzu."

Akaniacha na karatasi zangu, akaligeukia jeneza,
akaanza kumgombeza nduguye
kwa sauti ile ile ya kudai ndoo iliyoazimwa:

"Yoeli we, nijibu.
Ulichukua mbuzi wangu, yule mwenye baka,
ukasema utalipa uwele ukivunwa.
Uwele umevunwa mara tatu.
Paa la tembe ukalibomoa nusu,
ukasema bati linakuja. Liko wapi bati?
Nyota naziona nimelala, nimezichoka.
Nani ataniita Peru,
kana kwamba sina wajukuu na meno mabovu?
Umenifanya mtu mzima ghafla.
Huna adabu, Yoeli. Huna adabu kabisa."

Wanawake wakaitikia. Haikuwa amina.
Mguno mmoja mrefu, wa chini ya kitovu,
na vumbi la Septemba likatua
juu ya viatu vya mtendaji, juu ya jeneza,
juu ya sufuria za wali.

Mimi ndiye niliyemwandikia barua zake.
Kumi na moja. Nakala zipo, faili la bluu
linalonuka moshi na mafuta ya taa.
Yah: Malalamiko kuhusu fidia ya shamba.
Mizabibu mia mbili na kumi.
Mkuyu mmoja.
Kaburi moja, la bibi.
Kwa heshima na taadhima.
Rejea barua yangu ya tarehe tajwa,
ambayo hadi leo sijapata majibu.
Naomba kuwasilisha.

Alisimama begani kwangu, pumzi zikimpiga filimbi,
akauliza: "Umeweka pale panaponiuma?"
Nikamwambia, baba, ofisini hawasomi maumivu,
wanasoma namba ya kiwanja.
Akanyamaza.
Akatia saini akiikandamiza kalamu
hata upande wa pili wa karatasi ukaota nundu.
Mpaka sasa ukipapasa nyuma
unaligusa jina lake, limegeuka, linakukwaruza.

Na mimi sikulia. Wacha niseme.
Kiswahili changu kilikuwa kimevaa tai.
Kilijua *tumepokea kwa masikitiko*,
kilijua *pengo lisilozibika*,
kikasimama mlangoni mwa msiba wa baba yangu
kama karani aliyetumwa kuhesabu viti.
Shangazi hajui yah, hajui nakala kwa,
lakini alijua kumshitaki mtu asiyejibu,
na kumtajia deni lake kwa jina na kwa baka,
na kurudia kesho yake alfajiri,
akifagia, akichota maji, akisonga ugali:
"Na ufagio nao uliuvunja wewe."

Siku ya kuanua tanga alinijia
na daftari la mtoto, lina picha ya twiga.
"Wewe unayejua kuandika, mwandikie.
Mwambie mbuzi nimesamehe.
Bati, hapana."

Nikaandika tarehe. Nikaandika Yah.
Nikakaa na nukta zake mbili mpaka chai ikapoa.
Kisha nikaandika: Kimya chako.
Nikaandika mbuzi, nikaandika bati,
nikaandika kwamba mlangoni kandambili zako
bado zimeelekea ndani.

Nikampa.
Hakusoma, hajui kusoma.
Akaigeuza karatasi, akaipapasa nyuma
kwa kidole chenye ufa, polepole, mstari kwa mstari,
akafika katikati akasita.

"Hapa," akasema,
"hapa hujabonyeza."