Kabla ya Kufunga Dohani

Mama huamka kabla ya jogoo tusiye naye tena,
mbweha alimchukua tangu Oktoba.
Nazisikia slipa zake zikisugua mbao,
shwa, shwa, mpaka jikoni,
kisha kimya cha mtu anayechagua kuni.

Hachagui kwa macho. Huzigonga.
Kuni kavu hulia kama mlango,
mbichi hunung'unika tu, nayo hurudishwa pembeni
ikasubiri zamu yake.

Jiko hili la matofali alilijenga babu Oskar
akiwa amelewa kidogo, asema mama,
ndiyo maana limeinamia kushoto.
Limekula nusu ya nyumba.
Juu yake kuna kile kitanda cha mawe
tulikolala mimi na Ülo, mgongo kwa mgongo,
soksi zetu zikining'inia kambani
zikinuka kondoo na moshi,
nje theluji ikipanda hadi kidirishani
na kisiwa chote cha Saaremaa kimeziba masikio.

Ülo kaja jana kwa feri ya mwisho.
Begi dogo,
begi la mtu asiyekusudia kukaa.
Mwaka mmoja na miezi minne hatujasemezana
kwa sababu ya mitufaha iliyo nyuma ya ghala,
miti kumi na mmoja,
na miwili kati yake imeshakufa.
Yeye ataka kiwanja kiuzwe.
Mimi nataka, sijui nataka nini.
Nataka kiwepo ninapokikumbuka.

Mama amekata mkate mweusi.
Chachu yake ni ya bibi Helmi,
aliyeachiwa na mama mkwe
ambaye hakumwachia kingine chochote.
Kila wiki donge moja hubakizwa chini ya bakuli la mbao.
Bakuli haliguswi na maji.
Ukiliosha, asema mama, umewafukuza wote.

Tunakula. Siagi, samaki wa moshi,
kijiko cha Ülo kikigonga kikombe,
ting, ting, kama alivyofanya akiwa na miaka sita
na mimi nikatamani kumrushia kitu.
Mama anaongea kwa niaba ya watu watatu:
Salme wa ng'ambo amevunjika nyonga,
chumvi imepanda bei,
paka kazaa ndani ya buti la marehemu baba.
"Buti la kulia," aongeza,
kana kwamba tulikuwa karibu kuuliza.

Moto unashuka. Kaa zimekuwa nyekundu, za kupendeza,
nami nainuka niifunge dohani
joto lisitoroke.

"Bado," asema Ülo.

Neno moja, baada ya miezi kumi na sita,
na sauti yake imekuwa ya baba, sikujua.
"Wa buluu ungali hai."

Nachungulia. Kweli, nyuma kabisa,
mwali mwembamba wa buluu watambaa juu ya kaa
kama mtu apekuaye vitu gizani.
Baba alitufunza hilo kabla ya kusoma:
usifunge dohani buluu haijaisha,
nyumba italala na haitaamka.
Alikuwa akitutajia watu watano, nyuma ya kinamasi,
walioharakia joto.
Hakuwataja majina. Alihesabu tu kwa vidole,
na kile kidogo alikikunja polepole.

Basi tumechuchumaa, mimi na ndugu yangu,
magoti yanalia, nyuso zinaungua, migongo baridi,
tukiulinda moto usituue.

"Ule wa karibu na kisima," asema, bila kugeuka,
"bado wazaa?"
"Wazaa. Machachu."
"Yalikuwa machachu siku zote."
"Wewe ndiye uliyekuwa ukiyala."

Hakucheka. Alitoa pumzi puani,
jambo ambalo kwetu si haba.

Nyuma yetu sindano za mama zimesimama.
Anafuma glovu ya mtu gani hajasema,
lakini kiganja ni kipana.
"Umeshazimika?" auliza.

Begi liko mlangoni, zipu imefungwa,
theluji ya viatu imekuwa dimbwi chini yake.

"Bado," twajibu.