Andika Hakuna

Karani wa mnunuzi kaja na fomu yake,
kakaa juu ya gunia la korosho hapa gatini Mtwara,
ananiuliza mimi, Chinguwile, mtu wa bomba,
kwa kuwa manahodha wote wameshastaafu
na funguo zimebaki kwangu.

Jina la meli?
Kisima. Herufi mbili za mbele zimeliwa na kutu,
anayetazama toka Msangamkuu husoma "sima" tu,
na watoto wa kule huita meli ya ugali.
Hawakukosea sana.

Silaha?
Hakuna. Andika hakuna.
Ule mzinga wa heshima usiuhesabu:
kunguru walijenga ndani ya mdomo wake,
mkuu akasema waacheni mpaka makinda yaruke,
na makinda yaliporuka
hakuna aliyekumbuka ulikuwa wa nini.

Vita ilivyopigana?
Ndugu yangu, sisi tulikuwa mkono unaopakua.
Wakipita wenzetu, wembamba, wenye kasi, wenye majina,
Shangani nzima ilitoka kwa vigelegele.
Sisi tuko kule ambako jicho halifiki,
tumbo mbele kama mjamzito,
tunangoja washangiliwe weee
mpaka waone njaa.

Hebu nikueleze, ingawa fomu yako haina nafasi.
Meli mbili ubavu kwa ubavu, zinakwenda, hazisimami,
katikati maji yanafoka kama uji uliosahauliwa.
Kwanza kamba nyembamba. Ikikosa unarusha tena,
wala usitukane.
Kisha kamba nene. Kisha mpira, mweusi, mzito,
unayumba kama utumbo wa ng'ombe wa Idi.
Nafungua vali. Chini ya nyayo nasikia dizeli ikiondoka,
sisi tunapanda, kidole, kidole,
wao wanazama kidogo, wanashiba.
Nyuso hatuonani. Natazama mkono wa mtu wa ng'ambo:
ukiinuka, kiganja wazi, maana yake tosha.
Miaka ishirini na sita
nimewajua watu kwa viganja.

Hitilafu kubwa?
Moja. Usiku, mashariki ya Msimbati.
Tangi letu sisi wenyewe lilivuja, hatukujua.
Injini ikakohoa, ikanyamaza.
Tumboni lita laki mbili za petroli ya boti za kasi,
mali ya watu,
na injini yetu haili chakula hicho.
Tukaelea kama mpishi aliyezimia kwa njaa
mwiko mkononi.
Likungwa wa jikoni alicheka mpaka machozi,
halafu machozi yakawa kweli:
mkewe alikuwa Ligula, wodi ya wazazi.

Alfajiri ikaja boti ya doria,
ile ile tuliyoilisha juzi,
ikatuvuta kwa kamba yetu wenyewe.
Mtu wa ng'ambo akainua mkono, kiganja wazi,
na mpaka leo sijui
alinisalimu au aliniambia tosha.
(Mtoto wa Likungwa aliitwa Doria.
Anatengeneza simu pale Bima. Ukipasua kioo, nenda kwake.)

Hali ya sasa?
Nimeshuka leo na fimbo ya kupimia,
ncha nimeipaka chaki, kama desturi.
Tangi la kwanza kavu. La pili kavu. La tatu kavu.
La nne fimbo imetoka na unyevu
upana wa ukucha.
Pampu haifiki pale. Haikufika tangu ilipoundwa.
Kumbe tumesafiri nao siku zote,
ukoko huu wa chini ya sufuria,
hatukumpakulia mtu
wala hatukuula.

Karani anafuta jasho kwa ile fomu.
Lita ngapi, mzee? Niandike ngapi?

Andika hakuna.

Ameandika. Amekunja karatasi, amemeza mate,
kisha, kwa aibu kidogo, ameniomba maji ya kunywa,
na mimi, kabla sijafikiri,
nimeshachukua kikombe.