Daftari la Mzinga

Goba, mwisho wa Agosti. Jua limelegea.
Navaa koti la mvua la marehemu shemeji,
soksi juu ya suruali, glovu za kuoshea vyombo.
Makumbi ya nazi yanafuka bombani, taratibu;
nyuki hawamtaki mtu wa pupa.

Kipau cha kwanza, kitupu.
Cha pili, utepe wa nta,
mweupe kama ukucha wa mtoto.
Cha tano ndipo roho ikashuka:
majana yamefunikwa vijumbani mwao,
na chavua ya mlonge imeshindiliwa pembeni
kama akiba ya mpangaji asiyemwamini mwenye nyumba.
Malkia sijamwona.
Kazi yake nimeiona, yatosha.

Miguu ya kichanja imekauka grisi. Siafu wameshaonja.

Ng'ambo ya ukuta Mama Tunu ananiita kwa jina kamili:
wanakunywa tena kwenye beseni lake la kufulia.
Zamani tungegombana.
"Kesho naweka sufuria ya maji na kokoto, jirani."
Kimya. Kisha: "Na ile asali ulinipa nusu chupa."
Nusu!

Usiku umeme umekatika, naandika kwa tochi ya simu:
Grisi. Sufuria. Septemba, mikorosho ya kwa Mbaruku.
Mzinga wa pili kabla ya vuli.
Nafuta; ada za shule hazingoji maua.
Chupa nzima, Mama Tunu.
Huu sifuti.

Kifundoni, pale glovu ilipoishia,
pamevimba, panapwita,
nami najikuna kwa kalamu.