Herufi ya Kusitasita

Tartu, Januari. Saa kumi, na jua limeshaaga.
Leelo anasoma vilima kwenye kioo:
cha kijani ni A, cha buluu C,
cheusi G, chekundu T.
Taya limetoka kwenye kinamasi,
la mtu asiye na jina,
na tope halikurudisha kila kitu.

"Chagua moja," anasema Aivar, koti mkononi.
"Jedwali halipendi kigugumizi."

Lakini kutojua nako kuna ngazi.
Ukijua ni A au G, andika R.
Ukijua tu kwamba si A, andika B,
herufi ya shahidi anayekumbuka kimoja:
nani hakuwapo.
Usipojua lolote, N.
N si uongo.
Ni kiti kilichoachwa wazi mezani.

Anaandika N kumi na saba mfululizo.
Chai imepoa, imefanya utando.

Kisha, nafasi ya mia mbili na kumi na mbili:
buluu na nyekundu pamoja,
urefu sawa, kama mapacha wanaogombea mlango.
Anasafisha sampuli, anarudia. Vilevile.

Anaandika Y, kidole kinabaki juu ya kitufe.
Hii si shaka.
C ya mama, T ya baba
(au kinyume chake, atamwuliza nani?)
na hakuna aliyekubali kunyamaza.

Jina hana. Wazazi anao.

Aivar ameshaondoka, taa za ujia zimezimika.
Leelo anatafuta glavu yake ya pili
chini ya meza, gizani,
kwa kupapasa.