Sahani ya Thelathini na Tisa

Andika, Afande: Milembe binti Sumbuka,
mpishi wa kambi ya likizo, hapa Kayenze.
Kusoma sikusoma sana, ila kuhesabu sahani najua;
mkono unahesabu wenyewe hata akili ikisinzia.

Wengine umeshawasikia.
Mwalimu Bigambo kasema alipiga filimbi alfajiri,
wakajipanga mistari minne, mmoja ukawa mfupi.
Kweli. Hakukwambia aliipiga mara tatu
kabla hajakubali kuwa mstari ni mfupi.
Nkwabi mlinzi kaapa hakufumba jicho.
Jicho lake silijui. Mkoromo wake naujua,
hufika jikoni kabla ya jogoo.
Na yule kijana wa injini, Manyama, mwacheni alie.
Mtumbwi ni wake, na nyote mmeshaamua kuwa ni maji.

Ziwa ni jibu la haraka.
Wapiga mbizi tangu jana wanatoa magugu, wanatoa nyavu kuukuu,
wanatoa ndala ya mtu mwingine wa mwaka mwingine.
Lakini mimi nilitangulia kwenda kuteka maji,
nikaviona viatu juu ya jiwe la bapa,
jozi tatu, soksi zimekunjwa ndani,
na ncha zake zinatazama mlimani.
Anayeingia majini, Afande,
havui viatu akiyapa maji kisogo.
Askari wako aliviokota kwa mkupuo, akavitia mfukoni.
Sasa havitazami popote.

Majina unayo: Lugembe, Holo, na Deogratias mwenye kikohozi.
Daftari la mwalimu lina watoto thelathini na wanane.
Mimi kila usiku nilipakua thelathini na tisa.

Subiri, usifunge kalamu.

Wa thelathini na tisa hakulipiwa ada.
Alitokea kule wanakoanika dagaa,
mchanga umemganda magotini,
magamba yanamng'aa kwenye nywele.
Usiku wa kwanza alisimama mwisho wa foleni
kashika kifuniko cha ndoo badala ya sahani.
Nikapakua. Maharage hayana daftari.
Usiku wa pili wenzake wakamwazima fulana ya kambi.
Wa tatu, Holo akamfundisha kuandika herufi kwenye majivu yangu,
naye akawafundisha mawe:
lipi lina pango, lipi lina nyoka,
lipi ukiligonga linalia.
Jozi ya nne ya viatu msiitafute. Hajawahi kuwa nayo.
Wale watatu walivua vyao ili walingane naye.

Jina lake sikuuliza.
Hilo ndilo kosa langu, liandike kwa herufi kubwa.
Nilimwita "wewe".

Juzi jioni Lugembe alikuja jikoni, akaomba michembe.
"Ya wangapi?"
Akatazama chini. "Ya wanne, mama. Ya siku mbili."
Nikadhani mchezo.
Nikaifunga kwenye kitenge changu cha zamani, cha rangi ya kutu,
nikafunga na chumvi kidogo, kwa ujinga, kana kwamba wanakwenda harusini.
Siku mbili zinaisha leo, jua likizama.

Mama zao watatu wako getini.
Wameletwa na magari kutoka mjini,
wamepewa viti, wamepewa maji ya chupa.
Wa nne yuko ufukweni, anageuza dagaa.
Hakuna aliyemwendea.
Asubuhi nilimwona akinyoosha mgongo,
akavitazama vilima kwa muda mrefu
kuliko mtu anayepumzika,
kisha akainama tena, maana mvua inanukia na dagaa ni za mkopo.

Basi andika wanne.
Andika kwanza, ndipo nitakuonyesha jiwe.
Sitaki zawadi.
Ila mkipanda huko na tochi zenu
mkayaita majina matatu,
pawepo na mtu mmoja wa kuliita la nne.
Nipe dakika kumi, Afande.
Niende ufukweni nikaliulize.