Nguo Kumi na Moja

Fomu iko mezani tangu Jumapili,
imeshapata doa la chai.
Nguo kumi na moja, inasema, kwa wiki kumi na sita:
za juu sita, za chini tatu, mbili za kuvaa juu ya zote,
na kila ya juu ipatane na kila ya chini
kama ndugu wa tumbo moja wasiogombana.
Nani anawajua ndugu wa namna hiyo, hapa Łódź au popote?
Mimi na dada yangu Zyta hatujasemezana
tangu tugawane vyombo vya mama.

Hesabu nimeifanya nyuma ya tiketi,
kituo cha mwisho, dakika nane kabla ya kugeuza tramu.
Sita mara tatu, kumi na nane;
mara mbili, kwa koti na kizibao, thelathini na sita.
Namna thelathini na sita za kupendeza!
Nami siku tano kwa wiki navaa sare isiyojua kiuno kiko wapi,
Jumamosi gauni la nyumbani,
Jumapili lilelile, nimeligeuza.
Nitapendezea wapi?

Hata hivyo, usiku nikafungua kabati.
Sufu ya kijivu, mita nne,
aliyolipwa mama badala ya mshahara
mwezi ule kiwanda kilipoanza kulipa kwa majora.
Kitani cha rangi ya jivu baridi.
Pamba ya buluu, imefifia palipokunjwa.
Hizi zinasikilizana, zimekaa gizani pamoja miaka mingi,
hata harufu yao ni moja.
Na chini kabisa, ndani ya gazeti,
hariri ya manjano, manjano ya haradali,
rangi isiyoelewana na mtu.
Niliinunua siku nilipopata leseni.
Mkasi haujaigusa.

Kupanga ni kuchagua. Sawa.
Lakini kuchagua ni kuacha,
na hilo fomu haikuliandika.

Ludmiła wa duka la vifungo haniachi:
"Utashiriki?" Ananihadithia mshindi wa mwaka jana,
daktari wa meno kutoka Gdynia,
mishono yake ya ndani misafi kuliko nyuso za watu.
"Kwani wanatazama ndani?"
"Majaji huanzia ndani," akasema,
"huipindua nguo kama mtu anayechuna sungura."

Nikarudi na hilo neno.
Miaka ishirini na miwili nabeba watu wa mji huu,
wanakijua kisogo changu, basi.
Zawadi siitaki, nina cherehani, ina afya kuniliko.
Ila mtu aketi, avae miwani,
asome upindo wangu taratibu
kama barua aliyoandikiwa yeye,
hilo, nisiseme uongo, limenikosesha usingizi.

Saa tisa usiku nimetandaza sufu sakafuni,
nikaitupia hariri juu yake, kwa hasira tu.
Haifai kuwa blauzi, haifai kuwa sketi.
Nikaigeuza sufu ikawa juu, hariri chini,
nikainua pembe.

Bitana.

Kanuni nimezisoma mara mbili. Bitana haihesabiwi.

Sasa ni asubuhi na koti limeshakatwa,
vipande vimelala kitini kama abiria wa alfajiri.
Fomu bado haina jina.
Limebaki moja, nalo si dogo:
tundu za vifungo, arobaini na mbili kwa mpango huu,
na ule mguu wa cherehani wa kuzitobolea
uliangukia fungu la Zyta, pamoja na birika.
Naweza kushona tundu kwa mkono. Moja. Tatu.
Arobaini na mbili, kwa vidole hivi vya breki?

Napiga. Inaita, inaita.
Nakaribia kukata.
Anapokea. Hanisalimu.
Kimya, halafu kikohozi kilekile cha mama.
"Ludmiła ameniambia," anasema.
"Unakuja kuuchukua,
au unataka niulete?"