Mkono wa Balz

Jumapili ya kwanza ya Mei, uwanjani Hinterwang,
theluji bado imeng'ang'ania kivuli cha kanisa.
Tumesimama duara, watu mia mbili na ushei,
kuamua kama malisho ya mlimani yauzwe.
Kwetu kura haina sanduku. Kura ni mkono.

Mwenyekiti hahesabu. Hukadiria kwa macho
kama mpishi na chumvi.
"Wanaokubali?"
Mikono ikachipua,
na katikati yake mkono wa Balz Rhyner,
ulioteguliwa na ng'ombe juma lililopita,
daktari akaufunga plasta ukielekea juu,
haushuki.
"Wanaokataa?"
Mkono ule ule, mweupe, angani.

Tukacheka. Kisha kicheko kikatukauka,
maana pande zilikaribiana mno,
na mwenyekiti alikwisha kutamka: yauzwe.

Nikarudi kukamua, paji la uso ubavuni mwa ng'ombe.
Wengi ni nani, ikiwa wengi ni jicho la mmoja?
Mchungaji husema Mungu huona moyo;
sawa, lakini Mungu hakuombwa kukadiria.
Nami niliinua wangu, hili sijamwambia mtu,
kwa kuwa Regula, anayenidai, alinigeukia.
Mkono mzima, usio na plasta.

Jioni nilimpelekea Balz jibini.
"Hasa ulitaka nini?"
"Kukataa," akasema.
"Nikauinua na huu wa pili.
Wakadhani naushikilia ule mbovu."